Kukamua Shuka Lisilokuwepo

Mtu aliyekutana naye kwa mara ya kwanza kwenye ngazi za jengo lile alidhani amesahau kitu ghorofani. Alikuwa akishuka kinyumenyume, uso ameuelekeza juu alikotoka, mkono wa kushoto umeshika reli, na kila alipofika kidato kingine alitua kidogo kama anayesikiliza. Wengi walimpisha wakamuuliza kama anahitaji msaada. Alijibu kuwa hahitaji, ila wasimsemeshe, kwa sababu anahesabu. Kutoka chini ulionekana mgongo ulionyooka kama rula, shingo ndefu, nywele nyeupe zilizobanwa kisogoni, na chini ya hayo yote miguu miwili isiyoelewana: mmoja umegeukia nje, mwingine unaburuzwa nyuma kama mzigo wa mtu mwingine.

Huyo ndiye Mwalimu Tena. Jina hilo alipewa na wachezaji wake zamani, kwa sababu walipomaliza kipande cha dansi, hata wakikimaliza vizuri, neno lake lilikuwa hilo hilo: tena. Walisema siku atakayozikwa atafumbua macho awaambie wachimba kaburi warudie. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Kazi yake ilikuwa kutunga bale. Si ile ya mabinti wa kifalme na mabawa ya ndege, bali bale ya siku hizi, inayochezwa miguu mitupu na watu wanaofanana na watu. Katika miaka arobaini alikuwa ametunga kazi kumi na moja, na kumi kati ya hizo zilikuwa zimepotea kabisa.

Dansi haipotei kama funguo. Mchoraji akifa huacha picha ukutani, lakini dansi hukaa ndani ya miili ya walioicheza, na miili hiyo huolewa, hunenepa, huhama mji na kuzeeka. Kazi kumi za Mwalimu Tena zilizeeka hivyo, moja baada ya nyingine, hata yeye mwenyewe akiulizwa zilianzaje, alianza kuinua mkono, kisha akaushusha. Iliyobaki ni moja, iitwayo *Dobi*. Iliwahi kuwa na kanda ya video, mpaka shemeji yake, mume wa mdogo wake, aliporekodia juu yake fainali ya mpira. Shemeji huyo aliomba msamaha kila walipoonana kwa miaka tisa, hadi alipofariki. Mdogo wake husema kinachomuuma zaidi ni kwamba timu yenyewe ilifungwa.

*Dobi* ilitoka kwa mama yao. Alikuwa dobi wa hospitali, na mabinti zake wawili walikuwa wakimsaidia wakitoka shule. Shuka la hospitali likitoka kwenye pipa la maji moto lilikuwa zito kuliko mtoto, na halikukamuliwa kwa mikono peke yake. Mama alishika pembe za huku, binti akashika za kule, wakasokota kila mmoja kwa upande wake, kisha wote wawili wakaegemea nyuma. Uzito wa mama ulimshikilia binti, na wa binti ukamshikilia mama, maji yakawa yanachirizika katikati. Mmoja akiachia kabla ya mwenzake, mwenzake alikwenda chini kwenye sakafu ya saruji. Kwa hiyo walihesabu, na mama hakuwahi kuachia mapema.

Nguo za mke wa daktari mkuu zilifuliwa hapo hapo. Mwanamke huyo alifundisha bale watoto wa madaktari katika ukumbi wa chakula wa wauguzi, na binti mkubwa wa dobi, ndiye Mwalimu Tena, alipopeleka nguo zilizopigwa pasi alikawia mlangoni, nyayo zake zimegeuka nje bila mtu kumwambia. Akaitwa ndani. Akiwa na miaka kumi na tisa alipanda ndege kwenda kujaribiwa na kundi kubwa la ng'ambo. Walimtazama miguu kwa dakika nne, wakamshukuru. Nyayo zake zilikuwa bapa kama sinia. Alirudi nyumbani akiwa amejua jambo moja, kwamba hatacheza dansi za watu wengine, na akaanza kutunga zake katika chumba kilichokuwa juu ya kiwanda cha uchapishaji, ambapo mashine za chini zilimpigia mdundo bure.

Namna yake ya kutunga ilikuwa ya peke yake. Maneno ya bale aliyofundishwa na mke wa daktari yalikuwa ya kigeni na hayakumkaa mdomoni. Yeye aliita miondoko kwa majina ya kazi za mama yake: chota, suuza, pepea, anika, kunja. Wachezaji huhesabu muziki hadi nane kisha huanza upya, na kila fungu la namna hiyo huitwa nane. Kwa hiyo daftari lake, lile la shule lenye mistari, lilisomeka hivi: nane ya kwanza, chota, nane ya pili, chota kwa kushoto, na kuendelea. Hapakuwa na michoro wala mishale. Yaliyobaki aliyaonyesha kwa mwili wake, na mwili ulitosha.

Kiini cha *Dobi* kilikuwa nane ya tisa. Wachezaji sita walisimama kama nguo zilizoanikwa, na wawili wakabaki katikati. Hawakuwa na shuka. Walishikana vifundo vya mikono, wakageuka polepole kila mmoja kwa upande wake, mikono yao yenyewe ikasokotana, wakaegemea nyuma na nyuma zaidi hadi migongo yao ikakaribia sakafu, kila mmoja akiningʼinia kwa vidole vya mwenzake. Piano ilipiga noti moja tu, mara nane. Kwenye nane waliachiana, na kila mmoja alikuwa tayari ameshaweka mguu mahali pa kumpokea. Upande mmoja alicheza Mwalimu Tena mwenyewe. Upande wa pili alicheza mwanamke mrefu kupita milango, ambaye wenzake walimwita Ngongoti. Walicheza siku kumi na nne. Mwandishi mmoja wa gazeti aliandika kwamba alitazama sakafu kuona kama imelowa. Siku ya kumi na nne Ngongoti alianguka, akaumia uti wa mgongo, na hakucheza tena. Gazeti liliambiwa ni ajali ya jukwaani. Hiyo ilikuwa miaka ishirini na mitatu iliyopita.

Sasa ukumbi wa maonyesho ambamo *Dobi* ilichezwa ulikuwa unatimiza miaka hamsini, na mkurugenzi wake, kijana mwenye adabu na simu mbili, alimwomba Mwalimu Tena airudishe *Dobi*. Hakulala siku tatu kwa furaha. Alijua ndiyo nafasi ya mwisho. Onyesho lingerekodiwa vizuri, kundi la ukumbi lingelibeba na kusafiri nalo, na miili minane mipya ingekuwa na kitu chake ndani yake kwa miaka mingine ishirini. Alianza mazoezi kwa moyo mmoja. Wiki ya tatu nyonga yake ikakataa katakata. Daktari alisema hakuna kusubiri, akalazwa, akabadilishiwa nyonga, na wiki sita akawa kitandani. Daftari alimwachia msaidizi wake.

Msaidizi huyo walimwita Kopi, kwa sababu alionyeshwa hatua mara moja tu akaitoa kama ilivyo. Alikuwa mchezaji wa miaka thelathini, mnyenyekevu, mwenye bidii ya mchwa. Hospitalini Mwalimu Tena alimwambia asome neno kwa neno, na mahali asipoelewa aulize. Kopi aliuliza juu ya pepea. Aliuliza juu ya kunja. Juu ya nane ya tisa hakuuliza chochote. Hapo paliandikwa neno moja, kamua, na neno hilo alilielewa.

Jumatatu, siku kumi na moja kabla ya onyesho, Mwalimu Tena alirudi kwenye chumba cha mazoezi na fimbo yake. Mpiga piano, mzee wa miaka sabini aliyeitwa Mzee Pedali kwa uzito wa mguu wake, alisimama akamsalimu, akasema bibi harusi amefika na mguu mpya, tatizo ni ule wa zamani utaona wivu. Wachezaji walicheka wakamzunguka. Kopi alimwekea kiti katikati, mbele ya kioo.

Walicheza. Nane ya kwanza hadi ya nne alikaa akiwa amekaza vidole kwenye fimbo, ya tano akaanza kulegea, na ilipofika ya nane macho yake yalikuwa yamejaa machozi, kwa sababu ilikuwa yenyewe, kila kiwiko mahali pake. Ndipo ikaja nane ya tisa. Piano ikanguruma. Wachezaji wote wanane wakaruka kwa pamoja, wakajitupa, wakazunguka, nywele zikapigana na hewa, mmoja akapiga ukelele, vioo vya madirisha vikatikisika. Maofisa watatu wa ukumbi waliokuwa wamesimama mlangoni wakapiga makofi.

Kopi alimjia akitiririkwa na jasho, uso mzima ukicheka. "Mwalimu, tumekamua?"

"Mmekamua nini?"

Alidhani ni utani. "Kila kitu. Hatukubakiza."

"Na nani alishika upande wa pili?"

"Upande wa pili wa nini, Mwalimu?"

Hapo ndipo Mwalimu Tena alipoelewa. Vijana wakimwambia mwanamuziki jukwaani akamue, humaanisha atoe nguvu zake zote, watu wapagawe. Kopi alisoma neno, akalitii. Yeye mwenyewe angeandika neno lisiloeleweka, angeulizwa. Aliandika neno ambalo kila mtu alilijua, na kila mtu alilijua lake. Mzee Pedali alipoulizwa mbona naye alikubali, alijitetea kwamba yeye hupiga anachoambiwa: kijana alisema kamua, akakamua, na katika umri wake si mtu wa kuuliza ni kamua ipi.

Mwalimu Tena aliwakalisha wachezaji akawaeleza habari za shuka. Walisikiliza kwa heshima. Binti mmoja aliinua kidole akasema, kwa upole kabisa, kwamba kwao mashine inakamua yenyewe. Wenzake walimkanya kwa macho, lakini Mwalimu Tena hakukasirika. Ilikuwa kweli. Hakuna hata mmoja kati ya wanane aliyewahi kushika pembe za shuka lililolowa.

Siku ya Jumatano alikuja na mdogo wake. Mdogo wake alikuwa mjane, mstaafu wa posta, mnene na mwenye maneno, na waliishi pamoja. Alipanda ngazi akitweta, ndoo mkononi, shuka zito limelowekwa ndani yake. Alipofika juu alitangaza kwamba ameolewa, amefiwa, amestaafu, na sasa amekuwa msanii, na kama kuna anayetaka sahihi yake aje baadaye akishapumua. Kisha, kwa kuwa dada yake hakuweza kuegemea nyuma, alimshikisha Kopi pembe mbili, akashika zake, wakasokota. Maji yalimwagika sakafuni. Wachezaji walipanga foleni wajaribu, wawili wawili, wakipiga kelele kama watoto, na kusema kweli walikamua vizuri. Walijua wapi pa kuegemea kwa sababu shuka liliwaambia.

Shuka lilipoondolewa, likaondoka na kila kitu. Walishikana vifundo vya mikono, wakageuka, wakakwama. Bega la huyu lilifunga njia ya yule. Kopi na mwenzake walijaribu mara kumi na saba. Mara ya kumi na nane mwenzake aliguna akashika kiwiko. Mwalimu Tena alikuwa akiwaelekeza kutoka kitini: mguu wa kushoto nyuma, hapana, subiri, bega kwanza. Alifumba macho aone. Upande wake aliuona, hatua kwa hatua, kuanzia moja hadi nane. Alipojaribu kuuona upande wa pili hakuona kitu. Hakuwa ameusahau. Hakuwahi kuujua.

Alikumbuka sasa ilivyokuwa, katika kile chumba cha juu ya kiwanda. Yeye alileta kugeuka kwake, akamwambia Ngongoti amfuate, na Ngongoti, mrefu kiasi kile, hakuweza kufuata. Siku tatu alihangaika na mwili wake mwenyewe mpaka akapata pa kupitishia bega na pa kuweka mguu. Mwalimu Tena alisema tena, na tena, na ilipokaa sawa akaandika daftarini neno moja. Nusu ya kamua ile haikutoka kwake. Kwenye vijitabu vya onyesho, siku zote kumi na nne, liliandikwa jina la mtunzi mmoja.

Alhamisi mkurugenzi alimwita ofisini. Ukutani lilibandikwa tangazo jipya, kubwa kama mlango: wachezaji wanane hewani, nywele zimetawanyika. Mkurugenzi alimvutia kiti mwenyewe.

"Mama, sitaki uone tunakukosea heshima," alisema. "Lakini watu wameipenda. Televisheni wamekuja wamepiga picha kipande kile kile. Tukikitoa tutaonyesha nini?"

Alimjibu kwamba wataonyesha *Dobi*.

Mkurugenzi alikuna shavu. Alieleza, bila ukali, kwamba anaweza kubadilisha maandishi, badala ya kusema imetungwa na yeye waseme imetokana na kazi yake. Wasanii wengi hukubali hivyo. Na kama bado anataka kujaribu, chumba kina nafasi Jumamosi, saa tatu hadi saa tano asubuhi. Baada ya hapo piano inahamishiwa jukwaani na mafundi wanaanza kupanga taa.

"Kitakachokuwepo saa tano ndicho kitakachowekewa taa," alisema. "Zaidi ya hapo, Mama, mimi sina uwezo."

Hakuwa mtu mbaya. Hilo lilimvunja nguvu zaidi, kwa sababu mtu mbaya unaweza kupambana naye. Mwalimu Tena alitoka na karatasi yenye maneno mapya ambayo hakuitia sahihi, akaketi kwenye benchi la ukumbini, akatafuta namba ambayo hakuwahi kuipiga. Alikuwa amepewa na mchezaji mmoja wa zamani, msibani, miaka sita iliyopita. Ngongoti aliuza miwani katika mji ulio mwendo wa saa nne kwa basi.

Sauti iliyopokea ilitaja jina la duka. Mwalimu Tena alisalimu, akasema ni yeye. Upande wa pili droo ilifungwa.

"Nilidhani umekufa," Ngongoti alisema.

"Bado."

"Haya. Sema."

Alisema yote, vibaya, bila mpangilio: daftari, vijana, kuruka, nyonga, Jumamosi. Alipomaliza, Ngongoti aliuliza kama alikuwa amesikia vizuri, kwamba anaitwa akawafundishe upande wake.

"Ndiyo. Upande wako."

"Leo ndiyo mara ya kwanza nakusikia ukiuita hivyo."

Kulikuwa na neno lingine ambalo Mwalimu Tena alikuwa amelimeza kwa miaka ishirini na mitatu, na sasa alijua kwamba asipolitoa hapo benchini, mbele ya mfagiaji aliyekuwa akijifanya hasikii, hatalitoa popote.

"Siku ile niliachia kwenye saba," alisema. "Mikono yangu ilichoka. Sikungoja nane."

"Najua," Ngongoti alisema. "Nilikuwa tayari chini nilipoisikia nane ikipigwa."

Mfagiaji alihamisha ndoo yake mbali kidogo. Mwalimu Tena aliomba msamaha, kwa sauti ndogo, na Ngongoti hakusema amemsamehe wala hajamsamehe. Alisema ana chuma mgongoni na wajukuu wawili, na hajui kama mwili unakumbuka kitu ambacho kichwa kimejitahidi kukisahau. Ijumaa hawezi kufunga duka. Jumamosi atapanda basi la alfajiri.

"Nitakuja kutazama," alisema. "Sijasema nitashika."

Ijumaa Mwalimu Tena alikwenda tena kwa mkurugenzi, akamwomba aongeze jina la pili la mtunzi. Aliambiwa vijitabu vimeshachapishwa, ila inawezekana kutia kikaratasi ndani, kama maandishi yatakuwa mafupi. Aliandika mstari mmoja, akauhakiki mara tatu, akaukabidhi. Jioni, nyumbani, mdogo wake alimkuta amekaa mezani amenyoosha mikono mbele yake, akiigeuza.

"Na asipokuja, Dada?"

"Basi itakuwa imekwisha."

"Nini kitakuwa kimekwisha?"

"Yote. Kumi na moja zote."

"Si wewe utakuwepo?"

"Mimi sichezeki, mdogo wangu."

Mdogo wake alimwangalia, akasema hilo kila mtu analijua tangu utotoni, na wote wawili wakacheka mpaka mdogo wake akashika mbavu. Ilikuwa kweli kwa namna zote mbili.

Jumamosi wachezaji walifika mapema. Kopi alikuwa amefika kabla yao wote, amefagia sakafu, amepangusa kioo, na macho yake yalikuwa mekundu. Alimsogelea Mwalimu Tena akamwambia kwamba kama angeuliza siku ile, haya yote yasingetokea. Mwalimu Tena alimjibu kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyepaswa kuandika maneno mawili badala ya moja. Kisha akamtuma akapashe mwili moto, kwa sababu misuli baridi haimsaidii mtu.

Basi lilipaswa kufika saa tatu na nusu. Saa nne kasoro robo hapakuwa na mtu. Walirudia nane ya kwanza hadi ya nane, kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kufanya, na walipofika ya tisa walisimama. Walirudia mara tatu, na mara zote tatu walisimama pale pale. Binti wa mashine ya kufulia na Kopi walijipanga katikati, wakashikana vifundo vya mikono, wakangoja kama wanaopigwa picha. Mzee Pedali alipiga noti ile moja mara nane, taratibu, kama alivyoombwa. Baada ya nane hakuna kilichotokea. Mwalimu Tena hakusema "tena".

Saa nne na dakika kumi simu yake ililia mara moja. Ujumbe ulikuwa mfupi: tairi limepasuka, wamebadilisha, wameondoka, hajui ni umbali gani umebaki. Aliusoma kimoyomoyo, kisha akausoma kwa sauti, kwa sababu walikuwa na haki ya kujua. Mchezaji mmoja aliuliza kama tairi likipasuka huchukua muda gani. Mwingine akasema inategemea. Mzee Pedali alisema yeye aliwahi kungojea tairi saa sita, lakini akaongeza haraka kwamba hiyo ilikuwa zamani na dereva alikuwa mjomba wake.

Saa nne na nusu. Binti aliomba ruhusa akapasha mabega moto upya, Kopi akamfuata. Mwalimu Tena alisimama dirishani. Chini, barabara ilikuwa na magari machache ya asubuhi ya Jumamosi, na muuza magazeti anayefunga meza yake, na mwanamke mmoja mrefu aliyevuka upande wa pili akiwa na mfuko, akapinda kona, hakuwa yeye. Alijaribu kukadiria. Hata angeshuka kwenye basi sasa hivi, kutoka kituoni hadi hapa ni dakika kumi na mbili kwa mtu mwenye mgongo mzima. Kisha ngazi. Kisha, kama atakubali kushika, kuonyesha mara moja tu, bega wapi, mguu wapi. Kopi alihitaji mara moja tu. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yake yote, na haikumtosha hata yeye mwenyewe.

Saa tano kasoro dakika tano mlango uligongwa, na kila mtu akageuka. Walikuwa wanaume wanne wenye glavu na mkokoteni wa magurudumu mazito, wamekuja kuhamisha piano. Mkubwa wao aliomba radhi kwa kuwahi, akasema wameagizwa kuchukua pia viti vyote vya chumba, ila wangependa kuanza na kile kizito.

Mzee Pedali hakuinuka. Mkono wake mmoja ulikuwa bado juu ya noti ile.

Mwalimu Tena alitazama saa ya ukutani, akatazama viti vilivyopangwa kando ya kuta zote nne. Vilikuwa arobaini na viwili. Akaiweka fimbo chini, akaenda kusimama mbele ya piano kwa miguu yake yote miwili, na kwa sauti ya heshima kabisa akawaomba waanze na viti.